Baba anakula vizuri kwa mamalishe, mtoto je nyumbani?

NESI aliichukua kadi ya kliniki, akaitazama kwa muda, kisha akaigeuza ili mama naye aione. Mstari wa uzito wa mtoto, ambao miezi ya mwanzo ulikuwa ukipanda vizuri, ulikuwa umelala kwa miezi mitatu mfululizo. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne.

"Mama, mtoto anakula?" aliuliza nesi.

"Anakula. Huyu hachagui, anakula kila kitu."

"Haya, jana alikula nini? Anzia asubuhi."

Mama akaanza kuhesabu. Asubuhi chai ya rangi na andazi. Saa nne biskuti. Mchana, kwa maelezo ya dada anayebaki naye, chipsi za Sh500 kutoka kibanda cha jirani na juisi ya pakiti. Jioni uji kidogo. Usiku wali na mchuzi wa nyama.

"Nyama yenyewe alikula?"

"Hawezi kutafuna, namwekea mchuzi."

Nesi hakumgombeza. Mtoto alipimwa homa, akapimwa malaria, mama akaulizwa kuhusu kuharisha na kikohozi. Hakukutwa na ugonjwa. "Mtoto wako haumwi, mama," alisema nesi. "Tumbo linajaa, lakini mwili haupati."

Mama huyo, mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam na muuzaji katika duka la nguo Kariakoo, anasema alitoka pale machozi yakimlengalenga. Kilichomuuma ni kwamba nyumbani kwake fedha ya chakula haikosekani.

"Ningeambiwa sina hela ningeelewa. Lakini kila siku naacha hela ya matumizi, na kila siku jiko linawaka," anasema.

Usiku ule mumewe, ambaye ni fundi umeme, aliporudi kazini, alimuuliza swali lilelile aliloulizwa na nesi: "Baba, leo umekula nini?"

Mume akajibu bila kufikiri sana. Mchana alikula kwa mamalishe, jirani na nyumba wanayoifunga nyaya. Ugali wa dona, maharage, matembele, kipande cha samaki na ndizi mbivu moja. Bei Sh2,500, na maji ya kunawa bure.

"Kwa hiyo katika nyumba hii anayekula vizuri ni wewe peke yako," mama alimwambia.

Baba hakuwa na jibu.

Sahani iliyokamilika

Nyumba nyingi za mjini zinaishi hivyo bila kujua. Kwa miaka mingi wazazi wameamini kwamba chakula cha nyumbani ndicho salama na bora, na cha nje ni cha kubahatisha. Kinamama wengi huona hata aibu mume anaposifia chakula cha mamalishe, kana kwamba anamsifia mwanamke mwingine.

Lakini ukiitazama sahani ya mamalishe wa kawaida wa Dar es Salaam kwa jicho la lishe, utakuta mambo mengi yamekaa mahali pake. Kuna ugali au wali wa kutia nguvu. Kuna maharage, samaki au nyama ya kujenga mwili. Kuna mboga ya majani. Mara nyingi pembeni kuna kipande cha tikiti au ndizi. Wataalamu wa lishe husema mlo kamili ni ule unaochanganya makundi hayo, na mamalishe amefika hapo kwa sababu ya wateja wake.

"Fundi hali ugali mkavu, na ukimnyima mboga anahama," anasema mamalishe mmoja anayepika eneo la Buguruni. "Mimi naamka saa kumi alfajiri. Maharage nimeyaloweka tangu jana. Saa kumi na mbili niko sokoni kwa mboga, saa sita wateja wamejaa. Nisipoweka tunda wananiuliza, dada leo tunda liko wapi?"

Alipoulizwa watoto wake wawili wanakula nini, alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. "Wanakula kinachobaki. Siku biashara ikiwa nzuri sana, hakibaki kitu. Siku hiyo nawachemshia chai, wanakula na mkate."

Jibu hilo linaeleza kwa nini tatizo la lishe halimalizwi na kuwepo kwa chakula pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Kiwango hicho kilishuka kutoka 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Miongoni mwa mikoa iliyokuwa na hali mbaya zaidi ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi hayakosekani na magunia husafirishwa kila msimu kwenda mikoa mingine.

Mahindi yapo, lakini sahani ya mtoto ina mahindi peke yake. Ni hadithi ileile ya mtoto wa Tabata, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anajazwa andazi na chipsi.

Mtaani wanasemaje

Kila mzazi ana maoni yake kuhusu vyakula vya mtaani kwake, na ukikaa nao dakika kumi utasikia kila kitu.

Mama mmoja wa Sinza mwenye watoto watatu anasema Ijumaa kwake ni siku ya chipsi mayai na wala haoni haya. "Wiki nzima nawapikia. Ijumaa nimechoka, naenda kwa kijana wetu pale kona, tunachukua zege mbili na kachumbari nyingi, tunagawana. Watoto wanafurahi na mimi napumzika." Anachokataa ni soda juu yake.

Ana hoja. Chipsi mayai yenyewe ina yai, na kachumbari ni mboga. Chupa ndogo ya soda ya kawaida, kwa upande mwingine, ina sukari inayokaribia vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima asilimia 5 ni kama vijiko 6 vya chai kwa siku nzima. Mtoto mdogo anahitaji chini ya hapo, kwa hiyo chupa moja tu imeshamaliza hesabu yake na kupitiliza.

Dereva mmoja wa bodaboda wa Ubungo anasifia supu ya asubuhi na chapati mbili. "Nikiipiga ile saa moja, mpaka saa nane sina habari," anasema. Mke wake ana mawazo tofauti. Mwaka jana mumewe alipimwa akakutwa na shinikizo la damu limepanda, na daktari alimwambia apunguze chumvi. "Nyumbani nimepunguza kweli. Lakini supu ile ina chumvi yake, halafu pale mezani kuna kikopo cha chumvi na yeye anaongeza kabla hajaonja."

Mke huyo amegusa jambo kubwa. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa. Kijiko hicho ni cha siku nzima: supu ya asubuhi, maharage ya mchana, mchuzi wa usiku na vile viungo vya mchuzi vya kwenye karatasi ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Mwenye shinikizo la damu anayekula nje aanze na hatua moja rahisi: aonje kwanza, na kikopo cha mezani akisogeze mbali.

Babu mmoja wa Mbagala yeye hana imani na chochote cha kukaangwa njiani. "Yale mafuta yana umri kuliko mjukuu wangu," anasema huku akicheka. Hajakosea sana. Mafuta yanayochemshwa siku baada ya siku huharibika. Utayajua kwa rangi kuwa nyeusi, kuwa mazito, kutoa povu na kutoa moshi mapema. Chipsi zilizotoka humo huwa na rangi ya kahawia iliyokolea na ladha ya uchungu kwa mbali. Ukiona hivyo, tafuta mihogo ya kuchoma.

Unapokula nje, angalia haya

Kuwakatisha watu tamaa wasile nje hakuna maana, kwa sababu kwa mfanyakazi wa mjini mamalishe ndiye jiko lake. La maana ni kujua nani wa kumwamini.

Kwanza, chakula kiwe cha moto kweli, kinachotoa mvuke. Vimelea vingi hupenda joto la kati, kuanzia nyuzi 5 hadi 60. Chakula kilichopikwa kisha kikakaa kwenye sufuria la vuguvugu tangu saa tano hadi saa tisa alasiri kimepita katika joto hilo kwa saa nyingi. Kwa kawaida chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya jiko au jokofu. Mamalishe makini huacha sufuria juu ya makaa au hutumia hotipoti.

Pili, angalia mikono na maji. Je, anayepokea fedha ndiye anayeshika chapati? Kuna ndoo ya koki na sabuni? Sahani zinaoshwa kwenye beseni moja la maji tangu asubuhi, au maji yanabadilishwa? Hayo utayaona kabla hujakaa kwenye benchi.

Tatu, tazama kachumbari na matunda yaliyokatwa. Haya hayapiti motoni, hivyo usalama wake wote uko kwenye maji ya kuoshea, kisu na kifuniko. Kisu kilichokata nyama mbichi kisipooshwa kikakata nyanya, vimelea vya nyama vimehamia kwenye nyanya. Kwa mtoto mdogo ni salama zaidi kununua tunda zima na kulimenya mwenyewe.

Nne, nyama na kuku viive hadi ndani. Mshikaki wenye damu katikati uurudishe jikoni bila kuona soni. Mwenye banda mzuri hatakasirika, atakuambia, "Subiri dakika mbili, boss."

Tano, tazama wingi. Sahani ya mamalishe imepimwa kwa ajili ya mtu anayebeba zege na kuchimba msingi. Anayeshinda ofisini amekaa kwenye kiti hana haja ya mlima ule wa ugali. Aombe upunguzwe, mboga iongezwe. Wengi wakiombwa hivyo hawaongezi hata bei.

Nyumbani nako kuna makosa yake

Chakula cha nyumbani kina faida moja kubwa: unajua kilichoingia kwenye sufuria. Lakini kuna mazoea kadhaa yanayotuponza.

La kwanza ni mchuzi. Katika nyumba nyingi nyama huenda kwa baba na wageni, watoto hupata mchuzi. Wazazi huamini nguvu yote ya nyama imehamia kwenye mchuzi. Haijahamia. Protini na madini ya chuma yamebaki kwenye kipande cha nyama. Mtoto wa mwaka mmoja hashindwi kula nyama, anashindwa kutafuna kipande. Ikatwe vipande vidogo sana, isagwe au ichambuliwe nyuzinyuzi na kuchanganywa na chakula chake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku kitu kinachotokana na wanyama, iwe yai, samaki, dagaa, maini au nyama.

La pili ni chai. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale ya kwenye maharage na mboga za majani. Mtoto mdogo hana haja ya chai. Mtu mzima anayependa chai yake aisogeze mbele kwa saa moja baada ya kula. Chungwa, embe au ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage hufanya kinyume chake: huusaidia mwili kuyachukua yale madini.

La tatu ni kiporo cha wali. Hakuna Mswahili asiyekijua, na wengi tumekua nacho. Lakini wali una kimelea kiitwacho Bacillus cereus ambacho mbegu zake hustahimili kuchemka. Wali ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha katika joto la Dar es Salaam, mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto mpaka uungue. Ndiyo maana mtu anatapika asubuhi na kusingizia mafua ya tumbo. Wali uliobaki usambazwe kwenye sinia upoe haraka, uwekwe kwenye friji ndani ya saa mbili, na upashwe mara moja tu. Nyumba isiyo na friji ipike wali wa kumalizika.

La nne ni mboga kupikwa mpaka ikate tamaa. Mchicha uoshwe kwanza ndipo ukatwe, uive dakika chache, na maji yake yasimwagwe. Ukichemka nusu saa na kukamuliwa, sehemu kubwa ya vitamini imeondoka na yale maji.

La tano ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji yenye unga kidogo, atashiba dakika 20 na kulia tena. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, uongezwe kitu chenye nguvu: karanga zilizosagwa, maziwa, yai au dagaa wa unga. Karanga zichaguliwe vizuri, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe. Tahadhari hiyo ni ya mahindi ya dona pia. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka zilizohifadhiwa vibaya. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya kiini na pumba vinavyobaki na virutubisho vyake, lakini iwe imetokana na mahindi makavu, safi, yasiyo na ukungu.

Walichobadilisha Tabata

Turudi kwa yule mtoto. Baba ndiye aliyetoa wazo la kwanza, na nusura lilete ugomvi. Alisema anaweza kupitia kwa mamalishe wake jioni na kununua maharage na mboga pekee, bila ugali, za Sh1,000, kisha nyumbani wakasonga ugali.

Mama alikataa palepale. "Watu watasema nimeshindwa kupika kwenye nyumba yangu," alisema. Bibi wa mtoto, aliyekuwa amekuja kutoka Morogoro, ndiye aliyemaliza ubishi: "Mwanangu, mtoto haulizi maharage yamepikwa na nani."

Kwa hiyo siku mbili kwa wiki baba hurudi na kontena lenye mfuniko. Kwa kuwa chakula hicho kimepikwa tangu mchana, maharage huwekwa jikoni upya mpaka yatokote, si kupashwa vuguvugu. Siku nyingine mama huchemsha maharage ya siku tatu kwa mpigo Jumapili, akayagawa kwenye makopo na kuyagandisha. Anasema mkaa anaoutumia sasa umepungua, jambo ambalo hakulitegemea.

Kazi kubwa ilikuwa kwa dada wa kazi. Mwanzoni lawama zote zilimwangukia yeye kwa sababu ya chipsi. Lakini alipoulizwa kwa upole, alisema jambo la kweli: "Dada, ukiondoka asubuhi unaniachia hela, huniachii chakula. Mtoto analia, na mimi nina nguo za kufua. Chipsi ndiyo kitu cha haraka."

Ni binti wa miaka 19. Hakuna aliyewahi kumweleza mtoto wa umri ule anapaswa kula nini. Siku hizi mama humwachia yai la kuchemsha, parachichi au ndizi, na uji ambao unga wake umeshachanganywa na dagaa waliosagwa. Ukutani karibu na jiko amebandika karatasi yenye saa za kula: milo 4 midogo kwa siku, kila mlo karibu na kikombe kizima, na tunda katikati. Mtoto bado ananyonya usiku na asubuhi, na nesi alimwambia mama asimwachishe, kwani kunyonya kunashauriwa hadi miaka 2 na zaidi.

Gharama haikuongezeka sana. Fedha ya biskuti, juisi ya pakiti na chipsi za kila siku ndiyo iliyohamia kwenye mayai na parachichi. Dagaa wa robo kilo waliosagwa humtosha mtoto siku nyingi kwa sababu huwekwa kijiko kimoja kimoja. Kabla ya kusagwa huoshwa mchanga, hukaushwa na kukaangwa bila mafuta, na kwa mtoto haongezewi chumvi.

Si kila kitu kilienda vizuri. Wiki ya kwanza mtoto alitema yai siku tatu mfululizo. Mama alitaka kuacha, bibi akamwambia aendelee kumpa kidogo kidogo bila kumlazimisha. Siku ya tano akalimeza, lakini tu likiwa limepondwa ndani ya kiazi. Uji wa dagaa aliukataa mpaka kiasi cha dagaa kilipopunguzwa. Wazazi wengi huishia njiani hapa: mtoto akikataa mara mbili wanasema hapendi. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nyingi kabla hajakikubali.

Mwezi uliofuata walirudi kliniki. Nesi aliweka nukta mpya kwenye kadi na kuiunganisha na ile ya zamani. Mstari ulikuwa umeinuka.

"Umeinuka kidogo," alisema mama, kana kwamba anaomba radhi.

"Kidogo, lakini umeinuka," alijibu nesi. "Endelea hivyohivyo, mwezi ujao tuonane."

Mwezi ule mwingine ukainuka tena. Mzazi ambaye kadi ya mwanawe inaonyesha mstari uliolala au unaoshuka asisubiri mwezi wa tatu kama ilivyotokea hapa. Mwezi wa kwanza ni wa kuuliza, na iwapo mtoto ana homa, anaharisha, amevimba miguu au amekosa nguvu, ni wa kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kesho asubuhi uanze wapi

Familia isiyo na muda inaweza kuanza na mambo machache yanayowezekana:

• Kabla ya kulala, andika kila alichokula mtoto siku hiyo, usipunguze wala kuongeza. Wengi hushtuka siku ya kwanza tu.

• Hakikisha kila siku amepata kitu kimoja cha kujenga mwili, mboga ya majani na tunda. Kama kimoja kimekosekana leo, kianze kesho asubuhi.

• Nyama ikiwa kidogo, watoto na mama mjamzito wapakuliwe kwanza.

• Muulize anayebaki na mtoto, kwa upole, kinachomshinda. Huenda ni muda, au hakuachiwa kitu cha kupika.

• Chipsi za Ijumaa ziwepo, zibaki kuwa za Ijumaa.

• Ukikaa kwa mamalishe mchana na sahani yako ikafika imekamilika, jiulize ya mwanao nyumbani muda huo ina nini.

Pale Tabata, baba bado anasifia maharage ya mamalishe, na mama bado ananuna kidogo akisikia. Juzi alimwomba mumewe akamuulize yule dada anaweka nini kwenye yale maharage. Jibu lilirudi jioni: anayaloweka usiku kucha, anamwaga maji yale, anayachemsha taratibu, na nazi anaitia mwishoni.

Jumapili mama akayapika hivyo. Mtoto alikula bakuli zima, akaomba tena.

Na wako je? Jana alikula nini? Anzia asubuhi.